Amegongwa Kifua? Tazama Pumzi, Usisubiri Damu



Tuseme ni siku ya gulio. Unashuka kwa pikipiki kutoka Mamba Miamba, wewe umekaa nyuma, na mbele ya dereva kuna gunia la tangawizi. Kwenye kona kuna kokoto. Breki inashikwa ghafla, na wote mko chini. Wewe umechubuka kiwiko. Dereva naye anainuka, anajikung'uta vumbi. Ubavu wake wa kulia umegonga jiwe. Unamtazama: hana damu, suruali imechanika gotini tu. Ameshika ubavu. "Niko poa," anasema. Anatulia kidogo, anavuta pumzi. "Nimechubuka... tu." Watu waliokusanyika wanasema, mshukuruni Mungu, mpeni maji anywe, aende nyumbani akapumzike.

Usiku ule hawezi kulala chali. Anakaa kitandani ameegemea ukuta, anapumua harakaharaka. Kabla ya alfajiri anaanza kutokwa jasho la baridi. Ndipo watu wanaanza kuhangaika kutafuta gari, na njia ya kushuka ni ndefu, na mvua imenyesha.

Je, ni nini kilikosewa? Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kosa lilikuwa moja: watu waliangalia damu, hawakuangalia pumzi. Somo letu la leo ni hilo. Ukilimaliza, nataka uweze kumtazama mtu aliyegongwa kifua na kujua kama ni wa kurudi nyumbani au ni wa kupelekwa hospitali sasa hivi.

KWA NINI SOMO HILI NI LETU?

Sisi wa Same tunaishi kati ya barabara kuu na milima mikali. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita Hedaru, Makanya na Same mjini. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba hapa Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto. Kesho yake Ikulu ilitangaza vifo vya watu 38. Wengi wetu tunamjua mtu aliyemjua mtu mle ndani.

Milimani nako kuna ya kwake. Novemba 2009 mvua kubwa ilileta maporomoko ya udongo Mamba Miamba, na zaidi ya watu 20 wa kijiji cha Goha walikufa. Mtu aliyefukiwa, hata kichwa kikiwa nje, anaweza kukosa pumzi kwa sababu udongo umekibana kifua kisipanuke.

Halafu kuna ajali zisizotangazwa redioni: kijana anaanguka kutoka juu ya mfenesi au mparachichi, mchimbaji wa jasi anaangukiwa na kifusi, ng'ombe anampiga mtu teke, wachezaji wawili wanagongana uwanjani. Kuna ugomvi wa kilabuni wenye visu. Na kuna mwanamke au mtoto anayepigwa mateke nyumbani, akifika zahanati anasema, "Nilianguka." Hilo tutalirudia.

NDANI YA KIFUA KUNA NINI?

Weka kiganja juu ya ubavu wako, kisha vuta pumzi ndefu. Umesikia mbavu zinavyopanda? Una jozi 12 za mbavu, yaani mifupa 24. Nyuma zimeshikana na uti wa mgongo, na nyingi zimeshikana mbele na mfupa wa kidari. Ndani yake kuna mapafu mawili, moyo na mishipa mikubwa ya damu. Chini kuna msuli mpana unaotenga kifua na tumbo; shuleni tunauita kiwambo. Mbavu za chini zinafunika pia ini, upande wa kulia, na bandama, upande wa kushoto. Kwa hiyo aliyegongwa mbavu za chini anaweza kuvuja damu tumboni huku analalamikia ubavu tu.

Unavutaje pumzi? Hapa tuwakumbuke wahunzi wetu. Hapa Upare ukoo wa Washana ulisifika kwa kufua chuma, na chuma cha Upare kiliuzwa mpaka Uchagani. Mhunzi alipuliza moto kwa mvukuto wa ngozi. Ukiupanua, unajaa hewa. Ukiubana, hewa inatoka. Kifua chako kinafanya kazi namna hiyo: mbavu zinapanda, kiwambo kinashuka, nafasi inaongezeka, hewa inaingia kwenye mapafu.

Sasa chukua kisu utoboe ngozi ya mvukuto. Mhunzi atavukuta mpaka achoke, moto hauwaki, kwa sababu hewa inapita pasipotakiwa. Mtu mwenye jeraha la kifua anaweza kuwa katika hali hiyo. Anajitahidi kupumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini hewa safi haifiki inakotakiwa.

Jambo moja zaidi. Kati ya pafu na ukuta wa kifua kuna tando mbili nyembamba zilizogusana, zinateleza kama karatasi mbili zilizolowa maji. Katikati yake kwa kawaida hakuna nafasi. Hewa au damu ikiingia hapo, pafu linasinyaa.

MAJERAHA YA KIFUA NI YA NAMNA GANI?

1. Kuchubuka na kuvilia damu kwenye ngozi na misuli. Inauma, lakini pumzi iko sawa. Hili ndilo jepesi.

2. Mbavu kuvunjika. Mtu anasikia maumivu makali mahali pamoja akivuta pumzi, akikohoa au akicheka. Ubavu mmoja unaweza kupona wenyewe. Lakini mbavu kadhaa zilizopangana zikivunjika, kila moja mahali pawili, kipande cha ukuta wa kifua kinabaki kinaelea. Utakiona: kifua kingine kikipanda, kile kipande kinabonyea ndani, kifua kikishuka, chenyewe kinatoka nje. Hiyo ni hatari kubwa.

3. Hewa kuingia nje ya pafu. Ncha ya ubavu uliovunjika inatoboa pafu, hewa inavuja kati ya zile tando mbili, pafu linasinyaa. Wakati mwingine tundu linakuwa kama mlango wa kuingilia tu: kila pumzi inaongeza hewa na haitoki. Mgandamizo unapanda, moyo unasukumwa upande wa pili, damu inashindwa kurudi kwenye moyo. Mtu huyu anaweza kufa kwa dakika chache.

4. Damu kujaa kifuani. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Upande mmoja wa kifua unaweza kukusanya lita moja na nusu au zaidi, na nje usione hata tone. Ndiyo maana nasema usisubiri damu.

5. Jeraha lililo wazi: la kisu, mshale, nondo au risasi. Hewa ikiingia kupitia hapo unaweza kusikia sauti ya kufyonza, au ukaona mapovu ya damu.

6. Pafu au moyo wenyewe kuvilia damu. Hili huwapata madereva waliojigonga kidari kwenye usukani, na abiria waliobanwa na viti. Mtu anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa, kisha pumzi ikaanza kubadilika.

Angalizo kuhusu watoto: mbavu za mtoto zinapinda kuliko kuvunjika. Mtoto anaweza kuumia pafu vibaya bila ubavu hata mmoja kuvunjika. Mtoto aliyegongwa na pikipiki au gari apelekwe akapimwe, hata kama anaendelea kucheza.

HESABU PUMZI

Huhitaji kipimo cha daktari. Unahitaji saa, au simu, na macho yako. Tazama kifua au tumbo la mgonjwa. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima, wala usimwambie unahesabu, maana akijua atabadilisha.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Baada ya ajali, hofu inaweza kuzipandisha kidogo, zikashuka akitulia. Zikizidi 20 na hazishuki baada ya kukaa dakika kadhaa, usimpuuze. Zikizidi 30, au zikiwa chini ya 10, hiyo ni hatari. Kwa mtoto mdogo pumzi za kawaida ni nyingi zaidi, kwa hiyo kwake tazama zaidi kama anahangaika: mbavu zinabonyea ndani, pua zinapanuka, hawezi kunyonya au kula.

Kisha mwambie aongee. Mwulize, "Ajali imetokeaje?" Akikueleza habari yote kwa mkupuo, vizuri. Akikata maneno mawili, akavuta pumzi, akaongeza neno moja, akavuta tena, pumzi haimtoshi.

Mpeleke hospitali bila kungoja ukiona hata MOJA kati ya hizi:

- pumzi za haraka kuliko kawaida zisizotulia, au anahangaika kuvuta hewa;
- anashindwa kumaliza sentensi;
- upande mmoja wa kifua hausogei kama wa pili, au kipande kinasogea kinyume;
- anakohoa damu;
- midomo, ulimi au kucha zimegeuka rangi ya bluu au kijivu (kwa mtu mweusi sana tazama ndani ya mdomo na viganja);
- mishipa ya shingo imevimba;
- ngozi ya kifua au shingo imevimba na ukiibonyeza inasikika kama unabonyeza mchanga mkavu: hiyo ni hewa chini ya ngozi;
- jasho la baridi, mapigo ya moyo ya haraka, kizunguzungu, au amechanganyikiwa;
- tumbo linauma au limekuwa gumu;
- kuna jeraha lolote la kitu chenye ncha, hata kama tundu ni dogo.

UFANYE NINI PALE PALE?

Kwanza, usalama wako. Kama ni barabarani, watu wasimame mbali na magari, wekeni matawi barabarani pande zote mbili, zimeni injini. Wewe ukigongwa hutamsaidia mtu.

Pili, ita msaada. Mwambie mtu mmoja kwa kumwonyesha kidole, "Wewe, piga simu." Namba ya dharura ya Polisi ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Pigieni pia kituo cha afya kilicho karibu. Mtu mwingine atafute gari.

Tatu, kama amefukiwa au amebanwa, ondoeni kwanza udongo usoni, kisha kifuani, kisha kwingine. Usimvute mikono wakati kifua bado kimebanwa.

Nne, mkao. Mgonjwa mwenye fahamu mkalishe nusu amekaa, ameegemea kitu, miguu imekunjwa kidogo, na ainamie upande ulioumia. Hapo pafu zima linapata nafasi. Mwache achague mkao unaompa pumzi nzuri. Usimlazimishe kulala chali. Lakini kama shingo au mgongo unauma, au hasikii miguu, abaki alivyo amenyooka, mtu mmoja amshike kichwa kisigeuke, isipokuwa pumzi ikimshinda. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua mlaze kwa ubavu, upande ulioumia uwe chini, mdomo uelekee chini kidogo ili matapishi au damu isimzibe. Mgeuzeni mkiwa wengi, kichwa na mwili vikienda pamoja.

Tano, jeraha lililo wazi. Zamani tulifundishwa kuliziba kwa nailoni. Mafunzo ya siku hizi kwa mtu asiye daktari yamebadilika: jeraha la kifua linalopitisha hewa liache wazi, au lifunike kwa kitambaa safi kilicholegea kinachopitisha hewa. Ukiliziba kabisa, hewa inayovuja ndani inakosa pa kutokea na kumbana moyo. Kama damu inatiririka sana, gandamiza pale inapotoka kwa kitambaa safi. Kikilowa damu chote badilisha, maana kitambaa kilicholowa kinaziba kama nailoni. Na ukiona pumzi imekuwa mbaya zaidi baada ya kufunika, ondoa kitambaa mara moja.

Sita, kisu, mshale au nondo iliyochomeka USIICHOMOE. Huenda ndiyo iliyoziba mshipa. Viringisha nguo mbili, zizungushie pembeni ili kisitikisike, mpeleke nacho hivyo hivyo.

Saba, akiacha kupumua na haitiki, gandamiza katikati ya kidari kwa mikono miwili, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimeta 5 hivi. Kama umefundishwa kumpulizia, mpulizie pumzi 2 kila baada ya migandamizo 30. "Na mbavu zilizovunjika je?" Mbavu zitaungwa, aliyeacha kupumua hana cha kungoja.

Mfunike kwa kanga au blanketi asipate baridi. Endelea kuongea naye, na hesabu pumzi kila baada ya dakika 5. Ziandike na saa yake hata kwenye kiganja. Daktari atakushukuru.

USIFANYE HAYA

Usimfunge kifua kwa kanga au bandeji na kukaza. Hii ni desturi iliyoenea, na kweli mgonjwa anasikia nafuu, kwa sababu mbavu hazisogei. Lakini mbavu zisiposogea pafu halijai, makohozi yanatulia chini, na baada ya siku chache unapata nimonia juu ya ubavu uliovunjika.

Usimpe chakula wala kinywaji, awe mama ameleta chai au makande. Huenda akahitaji upasuaji, na tumbo lililojaa ni hatari akipewa dawa ya usingizi.

Usimkande ubavu kwa maji ya moto wala kumwita fundi wa kuchua. Ncha ya mfupa iliyokuwa imetulia inaweza kutoboa pafu.

Usimpe pombe "kupunguza maumivu."

KUTEREMKA MLIMANI

Najua unachotaka kuniuliza. "Wewe unasema hospitali, sisi tuko huku juu, gari liko wapi?" Ni swali la haki. Kila kijiji kijibu kabla ya ajali, sio siku ya ajali. Nani ana gari? Namba yake iko wapi? Mafuta yatatoka mfuko gani? Vijana wa kijiwe cha bodaboda mnaweza kuandika namba hizo kwenye ubao mmoja leo jioni, na kazi ikaisha.

Pikipiki si gari la mgonjwa wa kifua. Kumweka katikati ya watu wawili kunambana mbavu pande zote, na kila shimo la barabara linasukuma ncha ya mfupa. Tengenezeni machela: miti miwili imara, na blanketi nzito au magunia mawili yaliyotobolewa pembe. Mpokezane mpaka barabara inayopitika na gari. Ndani ya gari aegemezwe nusu amekaa, mtu mmoja akae naye, dereva aende taratibu kwenye mashimo.

Mpeleke wapi? Kituo kilicho karibu kwanza, wamwangalie pumzi, wampe oksijeni kama ipo na wapige simu mbele. Wilayani tuna hospitali Same mjini, na milimani iko Hospitali ya Gonja ya KKKT Dayosisi ya Pare. Akihitaji mabingwa atapewa rufaa KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, kama kilometa 100 kutoka Same.

Je, fomu ya polisi, PF3? Itahitajika kwa ajali ya barabarani na kwa aliyepigwa. Lakini gawaneni kazi: mmoja ampeleke mgonjwa hospitali, mwingine aende polisi kuchukua fomu. Mtu anayepigania pumzi asikae kwenye benchi la kituo cha polisi.

HOSPITALINI WATAMFANYA NINI?

Vijana wengi, na hata wazee, wanaogopa neno moja: "mpira wa kifuani." Wanasema eti mtu akitobolewa kifua amekwisha. Sio kweli. Wagonjwa wengi wa kifua hawahitaji kupasuliwa. Wanahitaji oksijeni, dawa ya maumivu, na wengine huo mpira.

Daktari atapiga eksirei au atatumia kipimo cha utrasaundi kuona kama kuna hewa au damu. Ikiwapo, anachoma ganzi chini ya kwapa, anafungua tundu dogo kati ya mbavu, anaingiza mpira. Upande wa pili wa mpira unazama kidogo kwenye maji ndani ya chupa. Mgonjwa akitoa pumzi, hewa iliyokwama inatoka na kufanya mapovu. Akivuta pumzi, maji yanazuia hewa ya nje kurudi. Ni kama vali ya baiskeli. Njia hii si mpya; daktari wa Ujerumani, Gotthard Bülau, aliitumia tangu karne ya 19 kutoa usaha kifuani.

Ndugu wanaomwuguza wakumbuke mambo matatu: chupa ikae chini ya usawa wa kifua wakati wote, mpira usikunjwe wala kukaliwa, na ukichomoka au chupa ikivunjika waite nesi upesi. Ukiinyanyua chupa juu ya kifua, maji yanaweza kurudi ndani.

UKIRUHUSIWA KURUDI NYUMBANI

Huenda eksirei isionyeshe ufa wa ubavu, na bado ubavu umevunjika. Ubavu hauwekewi plasta ngumu kama mguu. Unapona wenyewe, kwa kawaida kwa wiki 6 hivi. Kazi yako ni kulilinda pafu:

- Kunywa dawa ya maumivu kwa saa ulizoandikiwa, usingoje ikuzidi. Anayeumwa sana havuti pumzi ndefu.
- Kila saa ukiwa macho, vuta pumzi 10 za taratibu na za kina.
- Kohoa. Kumbatia mto au kanga iliyokunjwa, ibane kwenye ubavu, kohoa, kisha iachie.
- Tembea kidogo kila siku. Usilale kutwa nzima.
- Usivute sigara. Usibebe gunia, ndoo wala mzigo wa kuni mpaka upone.

Rudi hospitali ukipata homa, makohozi ya njano, kijani au yenye damu, au pumzi ikianza kupungua. Nimonia inayofuata ubavu uliovunjika huwasumbua zaidi wazee, kwa hiyo bibi aliyeteleza kwenye tope afuatiliwe kwa karibu.

KINGA

Abiria wa roli asikae juu ya mzigo. Roli likipinduka, mzigo ndio unaomwangukia. Funga mkanda kila penye mkanda, na ukaze nyongani na begani, sio shingoni. Bodaboda abebe mtu mmoja, na mzigo usimzuie dereva. Kwenye mti wa matunda usikanyage tawi kavu, na usipande mvua ikiwa imenyesha.

Na kwako unayepigwa nyumbani: ukifika kwa daktari sema ukweli, kwa sababu anayeambiwa "nilianguka" hatajua atafute nini ndani. Kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto, au mtu anayemjua mtoto anayeumizwa, apige 116 bila malipo. Kupigwa mpaka ubavu ukavunjika sio mambo ya ndani ya nyumba.

ZOEZI

1. Kaeni wawili wawili. Hesabu pumzi za mwenzako kwa dakika moja. Kisha akimbie kuzunguka uwanja mara mbili, uhesabu tena. Ilichukua dakika ngapi kurudi ya kwanza?

2. Chukua kanga ujifunge kifua kwa kukaza, kisha jaribu kuvuta pumzi ndefu. Umejifunza nini? (Aliyeumia kifua, au mwenye pumu, asifanye zoezi hili. Fungua baada ya pumzi mbili tatu.)

3. Kijijini kwenu, ajali ikitokea saa 4 usiku, gari litatoka kwa nani? Andikeni namba tatu.

4. Mrudie dereva wetu wa mwanzo. Alionyesha dalili mbili pale pale barabarani, kabla giza halijaingia. Zipi? Na wale watu walimpa kitu gani ambacho hakupaswa kupewa?

Majibu ya swali la 4: alishika ubavu, na alikata maneno ili avute pumzi. Walitaka apewe maji. Kama ungekuwapo, ungemkalisha ameegemea gunia lile la tangawizi, ungetoa simu, ungehesabu pumzi dakika moja. Saa ile gari lilikuwa bado linapatikana.